Dole Gumba la Kulia

Dirisha la bima katika hospitali moja ya mjini Mpanda lilijengwa juu mno, hata aliyesimama nje alilazimika kuinua kidevu kama mtoto anayeomba. Minza alisimama hapo tangu saa mbili asubuhi. Ilipotimu saa tano alipewa tyubu ya dawa ya kuchua, nayo ilikuwa ya saba tangu mwezi wa nne. Hakuwa ameiomba. Alichoomba ni kwamba mumewe, Luhende, aliyeketi kwenye benchi nyuma yake huku ameukumbatia mkono wake wa kulia kama aliyebeba kuku mgonjwa, akandwe na mtaalamu wa viungo. Mtaalamu mwenyewe alikuwapo mlango wa tatu kutoka pale, mlango wazi, kitanda kitupu.

Karani wa dirishani, binti aliyeitwa Emelyne, alieleza bila kuinua macho kwamba Ngao ya Kaya, yaani ile bima waliyojiunga nayo wakulima wa kata zote za pembeni, hulipia dawa ya kuchua. Kukandwa hailipii. Anayetaka kukandwa hulipa shilingi elfu kumi na tano taslimu kila anapoingia.

"Sasa dawa hii ataichua nani?" Minza aliuliza.

"Maelezo yamo ndani ya boksi, mama."

"Yameandikwa Kiingereza."

"Basi mtafute anayejua Kiingereza. Anayefuata."

Mtu mmoja katika foleni alicheka. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni kwamba ni ajabu Msukuma kulilia elfu kumi na tano wakati ng'ombe wake wanamaliza majani ya mkoa mzima. "Kauze dume moja, mama, utupishe na sisi." Wengine wakacheka pamoja naye, na Emelyne akatabasamu.

Hakuna aliyejali kuuliza idadi ya ng'ombe hao. Walikuwa wanne. Maksai wawili waliokuwa wakivuta plau walikwisha kuuzwa: wa kwanza siku Luhende alipoangukia shambani kwa kiharusi na kubebwa kwa gari la kukodi, na wa pili ili walipe madeni na nauli, na kilichobaki kikatosha akandwe mara sita. Katika mara ya sita kidole chake cha shahada kiliinuka chenyewe, bila kusaidiwa, kikatetema, kikalala. Wawili waliobaki walikuwa majike yaliyokauka maziwa. Minza aliyajua hayo yote na hakuyasema, kwa kuwa alilelewa kutoieleza shida ya nyumba yake mbele ya watu wanaocheka. Aliitia tyubu ya saba ndani ya kikapu, akamwinua mumewe kwa kumshika kwapani.

*

Mtaalamu wa viungo aliitwa Pudensiana. Alikuwa Mfipa wa makamo, mwenye mikono mipana na hasira aliyoizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Uongozi ulikwisha kumwonya mara mbili kwa maandishi asimhudumie mtu asiye na stakabadhi. Alipowaona wawili hao wakipita mlangoni aliwaita, akaurudisha mlango nusu, akaanza kumkanda Luhende kuanzia bega.

Alifanya kazi akieleza. Kiharusi kimeukata mwito wa ubongo kwenda mkononi, alisema, lakini mkono wenyewe haujafa. Misuli ikikandwa na kunyooshwa mara mbili kwa juma, mwito hujitafutia njia nyingine. Ikiachwa, kano hufupika, vidole hujikunja kuelekea kiganjani, na ngumi hujifunga. Luhende alikuwa na miezi mitatu, au minne kwa bahati njema.

"Na ikishajifunga?" Minza aliuliza.

"Ikishajifunga, dada, nami sitaweza kuifungua. Labda kisu cha daktari wa upasuaji, naye yuko mbali."

Luhende alisikiliza. Tangu kiharusi maneno yake yalitoka moja moja, lakini akili yake ilikuwa nzima. Mkono huo ndio ulioshika plau kwa miaka thelathini. Ndio uliomlisha. Sasa alilishwa na mkewe ugali tonge kwa tonge, na wageni walipokuja aliwapa mkono wa kushoto, akainamisha uso kila alipoutoa.

Pudensiana alifungua mtoto wa meza, akatoa barua. Kwa miaka miwili alikuwa akiiandikia Ngao ya Kaya iingize ukandaji na mazoezi ya viungo katika kitita cha mafao. Aliwatumia hesabu: wagonjwa sitini na mmoja wa kiharusi kwa mwaka, arobaini na tisa wameacha kuja kabla ya mara ya tatu. Hatimaye walimjibu. Aliisoma barua yao taratibu ili waielewe. Mfuko ulifanya tathmini ya kaya mwezi wa nne, ikiwamo kata ya Kasokola, na hakuna kaya hata moja iliyotaja hitaji la huduma hiyo. Kwa hiyo mfuko hauoni sababu ya kuigharimia.

"Hakuna kaya hata moja," Pudensiana alirudia. "Kasokola nina wagonjwa wanane. Nyie mnaishi Kasokola. Waliwauliza nani hao?"

Minza aliangalia sakafu. Luhende alifumba macho. Wote wawili walikumbuka kijana mwenye shati jeupe aliyefika kwao na pikipiki, siku kumi na mbili tu baada ya Luhende kutoka wodini.

*

Kijana huyo aliitwa Gelasius, ofisa wa Ngao ya Kaya. Alifika asubuhi, akasalimia, akajibiwa. Miongoni mwa watu wa Luhende, mgeni hujibiwa kwamba nyumbani ni salama tupu, hata kama maiti imelala ndani. Kisha hupewa kigoda, huletewa maji, hunywa, na salamu huanza upya. Hapo ndipo mwenye nyumba husema kwamba tuko salama, isipokuwa kuna jambo. Neno hilo, isipokuwa, ndilo habari yenyewe. Anayeondoka kabla ya maji hajaambiwa kitu, na anayemwambia mgeni shida kabla ya maji huonekana hana adabu, kama anayemdai mtu aliyesimama mlangoni.

Gelasius hakuketi. Alisema ana kaya thelathini za kumaliza kabla ya jua kuzama. Aliuliza maswali yake akiwa amesimama, fomu juu ya tangi la pikipiki, na Luhende akamjibu kama mgeni anavyojibiwa. Mko salama? Tuko salama. Huduma ni nzuri? Nzuri. Kuna huduma yoyote ya viungo mnayoihitaji na bima hailipii? Hakuna. Minza alipofika uani na kata ya maji, injini ilikuwa imekwisha kuwaka.

Hivyo ndivyo nyumba zote za Kasokola zilivyojibu, moja baada ya nyingine, kwa heshima, na heshima yao ikaandikwa kwa wino kuwa ni kuridhika.

"Kwa nini ulimwambia hakuna, Baba Kija?" Minza alimuuliza mumewe jioni waliporudi kutoka hospitali. Kija alikuwa binti yao mkubwa, aliyeolewa Shanwe.

"Alikuwa mgeni," Luhende alijibu.

Minza hakumlaumu. Angekuwa yeye angejibu hivyo hivyo, na jambo hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Kwa kuwa hawakuwa na elfu kumi na tano, alijaribu kukanda mwenyewe. Alipaka dawa, akasugua kama alivyomwona Pudensiana akisugua, kwa mikono iliyozoea mchi. Siku ya nne aliuvuta mkono ili unyooke. Kitu kikaserereka begani, na Luhende akatoa mlio ambao Minza hakuwahi kuusikia kwake katika ndoa ya miaka ishirini na sita. Pudensiana alilipapasa bega hilo. Kisha akasema, kwa upole uliouma kuliko karipio, kwamba bega la mgonjwa wa kiharusi halivutwi, kwamba kazi hiyo husomewa miaka mitatu, na kwamba kosa si la Minza bali ni la waliompa dawa wakamnyima mikono.

Akamwambia pia kwamba mwisho wa mwezi huo wa saba Ngao ya Kaya itafanya mkutano wa kusikiliza kero za wanachama, pale Kawajense. Yeye atasema, lakini yeye ni mfanyakazi wa hospitali, watamsikiliza kama anayepigania kitanda chake. Anahitajika mwanachama.

*

Luhende alisafirishwa kwa bodaboda, amefungwa kwa khanga katikati ya dereva na mkewe kama gunia la mpunga. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, kitambaa cha buluu mezani, na chupa za maji kwa ajili ya wale wa mbele tu. Mwenyekiti alisifu mshikamano wa wanachama. Gelasius, katika shati jeupe lingine, alisoma mafanikio.

Pudensiana alisimama na hesabu zake. Gelasius alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akasema kwamba hizo ni takwimu za hospitali, na sera hujengwa kwa sauti za kaya. Alilitamka neno hilo, sauti za kaya, kana kwamba alilibuni yeye.

Ndipo Minza aliposimama. Alianza kwa kusalimia, akajizuia. Watu wa Kasokola waliokuwapo waligeuka kumtazama, kwa kuwa mwanamke wa umri wake hasimami mbele ya watu akaanza na shida. Alisema jina lake, la mumewe, na la kata yao. Akasema mkono wa mumewe unafunga, na ukishafunga haufunguki. Akasema amepewa tyubu saba za dawa na hajapewa mtu wa kuichua. Akauliza ni nani aliyeamua kwamba dawa ni matibabu na mikono ya daktari si matibabu.

Gelasius hakukasirika. Alikuwa amefundishwa kutokasirika. Alifunua jalada, akatafuta karatasi, akaipata, akainyanyua ili ukumbi wote uione.

"Kaya ya Luhende Malale, Kasokola," alisoma. "Swali la saba, kama kuna huduma ya viungo inayohitajika na hailipiwi. Jibu, hakuna. Na hapa chini kuna dole gumba la kulia la mkuu wa kaya. Mama, mimi siwezi kubishana na dole la mzee."

Miguno ilipita ukumbini. Mtu mmoja alicheka kidogo. Minza aliitazama ile alama nyeusi, mviringo uliochafuka upande mmoja, na siku ile ikamrudia nzima, pamoja na kile alichokuwa amekiona kutoka mlango wa jikoni akiwa na kata ya maji mkononi.

"Dole hilo lilifikaje kwenye karatasi?" aliuliza.

"Kwa wino, mama, kama la watu wote."

"Sikuulizi wino. Nakuuliza lilifikaje. Mume wangu alikuwa na siku kumi na mbili tangu atoke wodini. Kidole kilikuwa kimelala ndani ya ngumi. Kilitokaje?"

Gelasius alianza kusema kitu kuhusu utaratibu wa fomu. Minza hakumngoja.

"Ulikitoa wewe. Ulimwambia akupe mkono, akashindwa, ukauchukua. Ukavikunjua vidole kimoja kimoja. Ukamsugua hapa, chini ya dole, mpaka likalegea, halafu ukalipaka wino. Ulimwambia, pole mzee, ni kidogo tu. Chozi lilimtoka, uliliona. Na juu ya dole hilo umeandika kwamba hapa hakuna mtu anayehitaji kukandwa."

Gelasius aliangalia fomu iliyo mkononi mwake, na ilionekana wazi kwamba hakuwa amesahau. Alikuwa na kaya thelathini siku hiyo, na mafuta ya pikipiki ya kutolea hesabu, na fomu ambayo isingepokewa bila dole la kulia. Aliufungua mkono wa mgonjwa ili aupate ushahidi kwamba mkono huo hauumwi. Hakuwa mtu mkatili. Ukatili ulikuwa kwenye karatasi, naye alikuwa ameubeba kwa uangalifu bila kuukunja.

Mwenyekiti alisema jambo hilo ni zito na limepokelewa. Akasema kitita cha mafao cha mwaka huo kimekwisha kupitishwa makao makuu na hakiwezi kuguswa, ila kaya za Kasokola zitatembelewa upya, na majibu yatatumika katika kitita cha mwaka ujao.

"Mwaka ujao," Luhende alisema kutoka kwenye kiti chake. Yalikuwa maneno yake pekee katika mkutano huo, na hayakuingizwa kwenye muhtasari.

*

Walitembelewa mwezi wa kumi. Kati ya mkutano na ziara hiyo, Pudensiana alimkanda Luhende mara nne kwa kujificha, hadi barua ya tatu ya onyo ilipomfikia na kitanda kikahamishiwa stoo. Tyubu za dawa ziliendelea kutolewa dirishani bila kukosa hata moja, kila baada ya majuma mawili. Kuanzia mwezi wa tisa kucha za Luhende zilianza kukichimba kiganja. Minza alizikata kwa wembe, akiupenyeza taratibu, na kupachika kipande cha pamba pasinuke.

Gelasius alikuja kwa pikipiki ile ile. Safari hii aliizima mbali, akatembea kwa miguu hadi uani. Alikuwa amejifunza kitu. Alisalimia kwa Kisukuma, vibaya lakini kwa moyo.

Luhende hakuitikia.

Jirani aliyekuwa akianika mahindi upande wa pili aliacha kazi. Katika maisha yake hakuwahi kumwona Luhende Malale akiiacha salamu ya mtu ianguke chini. Gelasius alisubiri, akasalimia tena kwa Kiswahili. Kisha akasema, akijaribu kutabasamu, kwamba leo hana haraka, ataketi, na angeomba maji ya kunywa.

"Maji utakunywa ukishaandika," Minza alisema.

Gelasius akaandika amechuchumaa, kwa kuwa hakuletewa kigoda. Luhende alijibu kila swali, neno moja moja, bila salamu na bila shukrani. Huduma si nzuri. Huduma ya viungo inahitajika. Inahitajika tangu mwezi wa tatu. Andika mwezi wa tatu. Walipofika swali la mwisho Gelasius alifungua pedi ya wino, akaona aibu, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa hali ya mzee dole la kushoto linakubalika, amekwisha kuomba kibali ofisini.

Luhende alitikisa kichwa. Kwa mkono wa kushoto aliuinua ule wa kulia kutoka mapajani, akauweka juu ya fomu. Ilikuwa ngumi iliyokauka, ngozi imevutika kwenye vifundo, na dole gumba halikuonekana.

"Hili," alisema. "Hili ndilo. Lilisema. Hakuna." Akavuta pumzi. "Lifungue."

Gelasius alimtazama Minza, kana kwamba atamwombea msamaha. Minza aliingia ndani. Alirudi na kikapu, akakipindua mbele ya miguu ya kijana, na tyubu za dawa ya kuchua zikamwagika mavumbini, kumi na tatu, saba kati yake hazijavunjwa hata muhuri.

"Dawa isikutie wasiwasi," alimwambia. "Bima imelipia."

Gelasius aliichukua moja. Akaitoboa, akapaka, akaanza kusugua chini ya dole kama alivyofanya mwezi wa nne, akalivuta kidogo, kisha kwa nguvu zaidi. Kano hazikuitika. Alijaribu kukiinua kidole cha shahada, kile kilichowahi kuinuka chenyewe, nacho kikakataa. Jasho likamtoka. Luhende hakulia safari hii. Mkono haukuwa na mahali pa kuumia. Alikuwa akimtazama kijana usoni, karibu sana, bila kupepesa.

Baada ya muda Gelasius aliacha, akabaki amekishika kile kilichokuwa mkono.

"Haufunguki, mzee," alisema.

"Andika," Luhende alimwambia.

Gelasius alitafuta kalamu kwa vidole vilivyojaa mafuta. Fomu haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Aliigeuza karatasi, na upande wa nyuma uliokuwa mtupu akaandika alichokisema, kwa mwandiko uliopinda, huku Minza akiwa amesimama juu yake na kata ya maji mkononi, akisubiri amalize.